Berthoud Pass, kiwango cha 3 cha hatari ya poromoko la theluji, sukari chini ya theluji: kipimo cha shimo kinatosha kuruhusu mteremko wa nyuzi 33?

Kipara_wa_Aurora aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba kujuzwa na wanaoifahamu theluji ya Colorado, maana kundini tumegawanyika pande mbili na kesho kutwa ndiyo safari.

Ni Jumamosi hii, watu wanne: wawili na ski za kupandia, wawili na viatu vya theluji. Tunaegesha juu kabisa Berthoud Pass (mita 3,446), tunapanda kwa mgongo wa mlima, tunashuka kwenye mteremko ulio wazi unaoelekea kaskazini-mashariki, juu kidogo ya mwisho wa miti. Ramani yenye rangi za mwinamo inaonyesha sehemu kubwa ni nyuzi 30 hadi 33.

Taarifa ya leo ya CAIC (kituo cha taarifa za maporomoko ya theluji Colorado): hatari kiwango cha 3 kati ya 5 juu ya mwisho wa miti, 3 pale miti inapoishia, 2 chini yake. Tatizo lililotajwa ni bamba sugu, yaani bamba la theluji lililolala juu ya tabaka dhaifu lisilopona, pande za kaskazini kuzungukia mashariki hadi kusini-mashariki. Jumatano na Alhamisi zimeanguka sm 25, upepo wa magharibi km 40 hadi 65 kwa saa. Theluji yote ardhini kama sm 95.

Shimo la kupimia theluji lilichimbwa Jumapili iliyopita karibu na maegesho, kina sm 70. Jaribio la ECT (unagonga safu ya theluji iliyokatwa uone kama ufa utasambaa) likatoa ECTN 14: ilikatika pigo la 14 lakini ufa haukuvuka safu nzima. Chini kabisa kuna sm 25 za chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari.

1. ECTN si ndiyo ruhusa yenyewe?
2. Tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapiga, hatari haipungui?
3. Mteremko huo tayari una alama za ski za watu wengi. Si umeshajaribiwa?
4. Bikoni (vifaa vya redio vya kumtafutia aliyefukiwa) tunazo tatu, watu wanne. Inatosha?

Wote si wageni wa milima. Kilimanjaro na Mlima Kenya wanavijua.

---

chembe_kwa_chembe:

Mkuu, mteremko huo Jumamosi hii, hapana. Nakufafanulia kwa nini, halafu nitashika maswali yako matatu ya kwanza. La nne nawaachia wengine.

Hiyo sukari ndiyo kesi yote. Novemba theluji ikiwa sm 40 tu, chini inagusana na ardhi ambayo joto lake liko karibu na sifuri, juu usiku hewa inafika -18. Nyuzi joto 18 zimebanwa ndani ya sm 40, sawa na nyuzi 4.5 kwa kila sm 10. Ikishapita nyuzi 1 kwa sm 10, mvuke unapanda kwa nguvu kutoka chembe za chini, unaganda upya kwenye chembe za juu yake, na chembe zinaanza kuota kona. Zikiachwa wiki kadhaa zinakuwa vikombe vidogo vya mm 4 au 5 vyenye mistari, kila kimoja kikisimama peke yake. Zichote na glavu, finya, fungua kiganja: zinamwagika katikati ya vidole. Donge halifinyangiki. Ndiyo maana tunaziita sukari.

Washington au Oregon, karibu na bahari, theluji ni nene na joto lake halitofautiani sana juu na chini, kwa hiyo udhaifu mwingi unapona ndani ya siku chache. Colorado ni bara: theluji haba mwanzoni mwa msimu, anga safi, usiku wa baridi kali. Sukari ya Novemba unaweza kuikuta ipo pale pale Machi.

Sasa mzigo. Sm 25 mpya, theluji kavu ya huku yenye maji kama asilimia 8, ni mm 20 za maji, yaani kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni mahali palipokingwa upepo. Wako ni upepo wa magharibi na mteremko wa kaskazini-mashariki, ambao ndio upande wa kupokea. Upepo unakwangua upande unakotokea na kulundika upande wa pili wa mgongo, na unaweza kulundika mara kadhaa ya kilichoanguka kutoka mawinguni. Hesabu mara nne tu, una kilo 80 kwa mita ya mraba zimeongezwa kwa siku mbili. Halafu theluji iliyosagwa na upepo hushikana kuwa bamba gumu. Chukua meza ya kioo, ilaze juu ya punje za choroko, halafu inamisha sakafu nyuzi 33. Inakaa. Kinachosubiriwa ni mtu wa kugusa mahali pabaya.

Kiwango cha 3 maana yake si "katikati". Maana yake poromoko la kuanza lenyewe linawezekana, na la kuanzishwa na mtu ni la kutarajiwa. Ngazi zile tano hazipandi sawasawa kama za nyumba. Kutoka 2 kwenda 3 ni hatua ndefu. Watu wengi wanafia kwenye 3 kwa sababu 4 inawatisha wakabaki nyumbani, 3 haiwatishi.

Swali la 1. ECT ni safu ya sm 90 kwa upana na sm 30 kuelekea juu. Unaweka bapa la koleo upande mmoja: mapigo 10 kwa kiganja kikiongozwa na kifundo, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. ECTP ni ufa uliovuka safu nzima kwa pigo lile lile au linalofuata. ECTN ni ufa ulioishia njiani. Matokeo yako yana matatizo manne:

Hukusema tabaka lipi lilikatika. Kama ni sm 20 kutoka juu, hiyo ni theluji ya dhoruba ya wakati ule na haisemi lolote kuhusu sukari iliyokuwa sm 45 chini.

Shimo lilikuwa karibu na maegesho, tambarare, palipokanyagwa na pengine palipomwagiwa theluji na magari ya kusafisha barabara. Shimo huchimbwa kwenye mwinamo, upande na mwinuko unaofanana na unakotaka kwenda, lakini usio na mteremko mkubwa juu yake.

Ni la kabla ya mzigo. Jumapili sukari ilikuwa imebeba sm 45. Leo imebeba sm 70, na pale upepo ulipolundika pengine mita 1.2. Bamba nene lina uwezo mkubwa zaidi wa kusafirisha ufa.

Na kwa kina hicho, mapigo ya mkono hayafiki vizuri tena. Tabaka likiwa chini ya sm 70 hivi, tumia jaribio la msumeno: safu ya sm 30 kwa mita 1 kuelekea juu ya mteremko, unakata ndani ya tabaka dhaifu ukianzia chini kwenda juu. Ufa ukikimbia wenyewe hadi mwisho wa safu kabla hujakata nusu, tabaka lina hamu ya kusafiri.

Lakini hata ukipata jibu zuri katika yote hayo, jaribio moja baya linatosha kukurudisha, na mazuri kumi hayatoshi kukupeleka. Mita 15 pembeni unene wa theluji ni mwingine.

Swali la 2. Kuondoka alfajiri ni dawa ya Aprili na Mei, theluji inapolowa mchana na kuganda usiku. Januari bamba sugu halina saa. Saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana ni lile lile, ila asubuhi huoni vizuri nyufa wala alama za poromoko la jana.

Swali la 3. Alama hazikuambii kitu hapa. Bamba likiwa nene, uzito wa mtu hausikiki kwenye sukari. Likiwa jembamba, unasikika. Wembamba uko kwenye vichwa vya mawe, kingo za korongo, vichaka vilivyofukiwa, na pale mteremko unapokunjama kuelekea chini. Watu tisa wanaweza kupita mahali penye unene, wa kumi akaenda mita 4 kushoto, akakanyaga juu ya jiwe, na mteremko wote ukaondoka pamoja na alama za wale tisa.

Kilimanjaro ni shule ya hewa nyembamba. Somo hili halipo kwenye mtaala wake.

---

Mswahili_wa_Davos:

Mchango mzuri, chembe, ila naona umekaza sana. Huku Uswisi tuna ile kanuni rahisi ya Werner Munter, mwongoza milima wa huku: kiwango cha 2, baki chini ya nyuzi 40, cha 3, chini ya 35, cha 4, chini ya 30. Taarifa ya SLF (taasisi ya Uswisi ya theluji na maporomoko) inatoka saa kumi na moja jioni, unapiga hesabu, unaamua. Kwa kanuni hiyo nyuzi 33 kwenye 3 zinapita. Ukikataa kila mteremko wa 33 msimu mzima utateleza wapi?

---

Nyuzi29:

Ndugu wa Davos, kanuni hiyo inapima sehemu kali kuliko zote, si wastani, na kwenye 3 unaangalia mteremko mzima, si njia yako tu. Mkuu anasema "sehemu kubwa ni 30 hadi 33" kwa rangi za ramani. Ramani hizo hutengenezwa kwa vipimo vilivyosambazwa kila mita kadhaa, mara nyingi 10. Kichuguu chenye ukali wa nyuzi 37 na urefu wa mita 8 kinalainishwa kinapotea. Na ndicho kinachoanzisha. Ongeza kwamba poromoko za bamba nyingi huanzia kati ya nyuzi 30 na 45, zikijazana karibu na 38. Mwenye 33 kwenye ramani yuko mlangoni pa poromoko.

La pili, hata huko kwenu taarifa ikitaja tabaka dhaifu la zamani, ushauri ni kujizuia zaidi, kwa sababu dalili hazionekani juu. Hapa Colorado sehemu kubwa ya msimu ndiyo hali yenyewe. Unauliza tutateleza wapi: chini ya 30, huku hakuna kilichoning'inia juu yako. Mteremko wa Aprili haujachelewa kwa mtu aliye hai.

Mkuu Kipara, pima nyuzi kwa mkono, simu na ramani ziwe za kuthibitisha tu. Dira nyingi zenye kioo zina kipima mwinamo. Kama huna, tumia fimbo mbili za ski zenye urefu sawa, tuseme sm 120. Gusisha ncha ya fimbo ya kwanza kwenye theluji iliyo juu yako, ilaze sawa kabisa na upeo wa macho ikielekea bondeni. Kutoka mwisho wake ning'iniza ya pili wima hadi iguse theluji. Kama imetumika sm 69, ni nyuzi 30. Sm 84, nyuzi 35. Fimbo yote, 45. Piga alama mbili kwa utepe wa rangi kwenye fimbo kabla hujatoka nyumbani, ya sm 69 na ya sm 84. Ukiwa na glavu kwenye upepo hutafanya hesabu.

Kisha inua macho. Kusimama kwenye nyuzi 20 hakukusaidii kitu kama juu yako pako 38. Elekeza kipima mwinamo kutoka ulipo hadi mahali poromoko lingeanzia: ikizidi nyuzi 25 uko ndani ya njia yake, kati ya 18 na 25 bado unaweza kufikiwa na poromoko kubwa.

Na sukari ina tabia moja mbaya: inaanzishwa kwa mbali. Unatembea bondeni pa tambarare, tabaka linabonyea chini ya miguu yako, ufa unakimbia hadi kwenye mteremko na bamba linakushukia. Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, tarehe 20 Aprili 2013, kundi lilikuwa chini ya mteremko likielekea mahali lilipodhani ni salama. Watu sita walinaswa, watano walikufa. Hawakuwa wakiteleza.

Korongo la kijito chini ya mteremko pia lihesabu. Poromoko dogo likimwagika kwenye uwanja mpana linakufukia nusu mita. Likimwagika kwenye korongo lile lile dogo, mita 3.

---

Kipara_wa_Aurora:

Nimeelewa kuhusu shimo, na kweli lilikatika sm 18 kutoka juu, si kwenye sukari. Mteremko wa kaskazini-mashariki tumeufuta.

Swali la bikoni halijajibiwa. Na tukipita mmoja mmoja je?

---

Mama_Koleo:

La bikoni nimelijia mbio. Asiye na bikoni, fimbo ya kuchomea na koleo haingii penye hatari, basi. Wanne kwa bikoni tatu maana yake mmoja akifukiwa mtamtafuta kwa kuchomachoma theluji kwa kubahatisha, na watu watatu hawawezi kumaliza eneo hata la uwanja wa mpira kwa muda alionao. Maduka mengi ya vifaa vya milima Denver na Boulder hukodisha seti nzima, chukua leo.

Kile kibandiko cha Recco kinachoshonwa kwenye jaketi hakihesabiki hapa. Kinasomwa na mashine ya waokoaji, na waokoaji hawako nanyi.

Vifaa vyenyewe. Bikoni iwe ya antena tatu, ya masafa ya kHz 457 kama zote za kisasa. Betri ni za alkalini, mpya, za aina moja. Za kuchaji hudanganya kipimo cha asilimia halafu zinakatika ghafla kwenye baridi. Lithiamu tumia tu kama kitabu cha bikoni yako kimeruhusu. Vaa kwa mikanda yake chini ya jaketi, si ndani ya begi, kwa sababu begi hung'olewa. Simu, kamera, saa janja, glavu za umeme: sm 20 mbali na bikoni ikiwa inatuma, sm 50 ikiwa inatafuta, na ukiwa unatafuta ni bora simu izimwe. Simu kwenye mfuko wa kifua ndiyo kosa ninaloliona zaidi ya yote.

Fimbo ya kuchomea, sm 240 kwenda juu. Koleo la chuma chepesi, lenye mpini unaorefuka. La plastiki liache nyumbani: theluji ya poromoko ikisimama hushikana kama saruji ndani ya muda mfupi, plastiki inadunda.

Asubuhi kwenye maegesho mmoja anaweka bikoni yake kutafuta, wengine watatu wanampita mmoja mmoja zikiwa zinatuma, wakiachana mita kadhaa. Kisha yeye anaweka kutuma, na mmoja wao anampima. Dakika tatu tu.

Mmoja mmoja: ndiyo, daima, wengine wakiangalia kutoka mahali ambapo poromoko halifiki. Lakini hiyo inapunguza idadi ya wanaofukiwa, haipunguzi uwezekano wa kuanzisha. Watu wanaifanya kama hirizi.

Akinaswa mtu:

Mkazie macho hadi mwisho. Mahali alipoonekana mara ya mwisho ndiyo chanzo cha msako. Tafuta kutoka hapo kwenda chini. Mmoja anaamuru. Wote wanabadili bikoni kwenda kutafuta, wote. Mmoja akisahau yake inatuma, mtamkuta yeye na kumwacha aliyefukiwa.

Msako wa mawimbi ya kwanza kwa vipande vya upana wa mita 40, kwa kukimbia. Angalia na juu ya theluji pia: glavu, ski, mkono. Ukipata mawimbi fuata mshale, namba zikishuka. Chini ya mita 3 punguza mwendo, bikoni ishuke hadi igusane na theluji, usiizungushe tena. Hapo chora msalaba: mbele na nyuma, kushoto na kulia, hadi upate namba ndogo kuliko zote.

Choma hapo, fimbo ikiwa wima dhidi ya uso wa theluji na si dhidi ya upeo wa macho, kisha zunguka kwa duara linalopanuka, sm 25 kila hatua. Ukimgusa utajua, ni laini na inarudisha kidogo, ardhi haifanyi hivyo. Fimbo iache ndani.

Usichimbe juu ya fimbo. Shuka chini ya mteremko mara 1.5 ya kina, yaani akiwa mita 1 anza mita 1.5 chini, chimba mlalo kumfuata. Wachimbaji wajipange umbo la V, wa mbele akikata mabonge, wa nyuma wakiyasukuma kwa koleo kama kasia, na mbadilishane kila dakika moja hivi. Mita moja ya kina ni zaidi ya tani moja ya theluji ya kuondoa. Hapa ndipo muda unapoliwa, si kwenye bikoni, na watu hawafanyii mazoezi.

Uso kwanza. Toa theluji mdomoni na kifuani. Kama hapumui anza na pumzi, kwani mara nyingi kinachoua ni kukosa hewa, kisha endelea na kifua. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza ana nafasi kama tisa kwa kumi. Ikifika nusu saa ni kama tatu kwa kumi. Piga 911 kama mna mtandao na mtu wa ziada. Mkiwa wawili, tafuteni kwanza. Helikopta haifiki ndani ya dakika 10.

---

Poda_Mzee:

Nyote hamjataja begi la hewa. Likipulizwa, mtu anabaki juu juu ya theluji na kina kinapungua. Nunueni.

---

Mama_Koleo:

Linasaidia, Mzee, silikatai. Ila alipe kwanza bikoni, fimbo, koleo na kozi ya siku tatu ya kiwango cha kwanza. Begi lije baadaye. Karibu robo ya wanaokufa wanauawa na miti na mawe, na begi halizuii mti. Likimfikisha mtu korongoni nalo, atafukiwa tu.

---

chembe_kwa_chembe:

Kipara, nikuachie mpango wa Jumamosi ili usirudi nyumbani mikono mitupu.

Kaeni chini ya mwisho wa miti, nyuzi 27 au 28 kwa kipimo cha mkono. Hizo nyuzi mbili ni akiba ya makosa ya kupima. Miti iwe imesongamana. Kama ski zinapita kirahisi katikati yake, poromoko nalo linapita. Miti iliyokatika matawi upande wa juu tu, au miti midogo yote ya rika moja ndani ya msitu wa mikubwa, ni njia ya poromoko hata kama ni ya miaka 20 iliyopita. Usipumzike hapo. Na usidhani barabara ni mpaka wa hatari: njia ya poromoko ya Stanley pale Berthoud inafika hadi Barabara Kuu ya 40, na Machi 2019 maporomoko yalimwagika hadi kwenye barabara ya I-70.

Njiani, kila mita mia chache, geuza fimbo ya ski uchome kwa upande wa mpini. Ikiwa juu inagoma, halafu ghafla inadumbukia hadi ardhini bila nguvu, umeipata sukari chini ya bamba. Ukisikia "vumm" nzito na theluji ikashuka kidogo chini ya miguu, hilo ni tabaka limebomoka. Mmefanyiwa kipimo bure, hakuna haja ya shimo. Nyufa zikikimbia mbele ya ski, vivyo hivyo. Poromoko jipya popote kwenye pande za kaskazini hadi mashariki linafunga mjadala, hata likiwa mlima wa pili.

Wenye viatu vya theluji waambieni mapema kwamba taarifa ni yao pia. Watu wa viatu vya theluji hufuata njia za kiangazi za bondeni, chini kabisa ya miteremko, wakiamini kwamba poromoko ni ugonjwa wa watu wa ski.

Taarifa mpya ya CAIC inatoka kesho saa kumi na nusu jioni. Isomeni wote wanne, si mmoja akawasimulia. Kwenye ule mduara wa pande nane na ngazi tatu za mwinuko, wekeni kidole mnapokwenda. Kikiangukia palipopakwa rangi, badilisheni njia mkiwa bado sebuleni. Mkubaliane pia kwamba yeyote akisema turudi, mnarudi bila kumwomba sababu.

---

Kipara_wa_Aurora:

Asanteni sana. Seti ya nne imekodiwa leo mchana, alama za sm 69 na 84 zimepigwa kwenye fimbo. Tutachimba shimo lingine la kujifunzia, kwenye nyuzi 25 ndani ya miti. Matokeo nitayaleta hapa.

---

Nyuzi29:

Yapeleke CAIC pia, wana fomu ya wazi ya umma kwenye tovuti yao. Andika mwinuko, upande unaoelekea, nyuzi za mteremko, na kina cha tabaka lililokatika kutoka juu. Picha ya shimo isiyo na hivyo vinne hawawezi kuitumia, hata iwe nzuri namna gani. Na shimo lifukieni kabla hamjaondoka, mtu asije akatumbukiza ski.